Bangi ya mwenzako inaweza kuwa kesi yako

Ijumaa jioni umealikwa kwa keja ya rafiki yako pale Roysambu. Wewe huvuti. Umejikalia kando na soda yako, unapitia TikTok, huku msokoto ukizunguka mkono kwa mkono. Mara mlango unagongwa kwa nguvu. Ni makarao. Je, una kesi ama huna?

Vijana wengi wataapa kwamba huna. Wanajidanganya.

Sheria ya kudhibiti mihadarati ya mwaka 1994 haimwandami mwenye msokoto pekee. Kulingana na sehemu ya 5, ni kosa kuvuta, ni kosa kupatikana na kiko cha kuvutia, na ni kosa kwa mwenye nyumba kuruhusu watu wavutie kwake. Ni kosa pia kupatikana, bila sababu halali, katika chumba ambacho watu hukutania kuvuta. Adhabu yake ni faini ya Sh250,000 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Sasa linganisha na yule aliyekuwa nayo mfukoni. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, mtu akiiridhisha korti kwamba bangi ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Kwa maandishi, basi, wewe wa soda unaweza kujipata pabaya kuliko mwenye mzigo! Naye mwenye mzigo asidhani ameponea. Ni jukumu lake kuiridhisha korti. Akishindwa, hesabu inahamia faini za mamilioni.

Najua utasema bangi ni mmea tu, na kwamba sheria hii imepitwa na wakati. Hauko peke yako. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, alitaka ihalalishwe mwaka 2018. Warastafari walienda Mahakama Kuu mwaka 2021 kuitetea kama sehemu ya ibada yao. George Wajackoyah aliwania urais mwaka 2022 akiahidi kuihalalisha; mikutano yake ilishangiliwa, lakini kura alizopata hazikufika asilimia moja. Mjadala huo ni halali na uendelee, bungeni na kortini. Ila ukisimama kizimbani Jumatatu asubuhi, hakimu atatumia sheria iliyopo, si ile unayoitamani.

Na hasara haiishii kwa faini. Ukipatikana na hatia, rekodi inabaki kwa DCI. Siku utakapoitisha cheti cha 'good conduct' ili uajiriwe au uende kufanya kazi Ughaibuni, jioni ile ya Roysambu itakufuata.

Ukikamatwa, usikimbie wala usipigane. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti iwapo muda huo utaisha korti zikiwa zimefungwa. Usikubali kulazimishwa kuungama. Na usitoe 'kitu kidogo': hongo ni kosa lingine, kwa anayetoa na anayepokea.

Lakini afadhali usifike huko. Msokoto ukiwashwa, chukua jaketi yako, aga, uende. Watakucheka kwamba wewe ni mwoga, na kesho watakuwa wamesahau. Na kama keja ni yako, sema mapema kwamba hapa hakuvutwi. Anayelipa kodi ya nyumba ndiye wa kwanza kuulizwa kilichokuwa kikiendelea humo ndani.