Tairi za Theluji Hazina Kazi Kipalapala

Nianze kwa kukiri: zile tairi nilizinunua mimi. Ilikuwa Machi 2023. Mjomba alinipigia simu kutoka Kipalapala akaniambia mchomoko wake, Probox nyeupe inayobeba abiria kwenda na kurudi Tabora mjini, umebaki na tairi kipara mbele na nyuma, na mvua bado zinapiga. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, mwaka wa kwanza wa uzamili, na posho iliyochelewa miezi mitatu ilikuwa imeingia yote kwa mkupuo. Nadhani unajua mtu anavyojisikia siku hiyo. Nikaenda kwenye duka la tairi za mtumba, nikachagua nne zenye kashata nene kuliko zote, 55,000 kila moja, nikazituma kwa basi. Muuzaji alizipigapiga kwa kiganja kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani. "Dada, hizi ni kama mpya. Zimetoka Japani."

Kuhusu Japani hakudanganya. Ubavuni paliandikwa STUDLESS, na pembeni yake palikuwa na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, katikati kitu kama ua. Nilidhani ni Kilimanjaro. Cheka tu. Nasoma historia ya misafara ya karne ya 19, naweza kukaa siku nzima nikibishana na mwandiko wa mmisionari mmoja, lakini ubavu wa tairi nitakayompandishia mjomba wangu na abiria wake sikuusoma. Lile ua ni chembe ya theluji.

Hoja yangu ni fupi na sitaizungusha: tairi ya theluji usiifunge kwenye gari linalotembea Tabora, hata ukipewa bure.

Tairi hii si tairi ya kawaida iliyoongezewa meno. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi inayofanya mpira wa kawaida ukakamae. Mstari ambao watengenezaji wengi huutaja ni nyuzi joto 7: chini ya hapo tairi ya theluji inashika vizuri zaidi, juu ya hapo ya kawaida inaishinda. Juu ya kila kashata kuna michanjo mingi myembamba, kama chale, ya kung'ata barafu. Wajapani waliikuza teknolojia hii kwa sababu inayoeleweka. Tairi zao za zamani zilikuwa na misumari ya chuma, misumari ikawa inakwangua lami na kujaza miji vumbi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria ikaipiga marufuku. Neno STUDLESS maana yake ni hiyo tu: haina misumari.

Sasa ichukue hiyo tairi uilete Unyamwezi. Tabora ipo kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Julai alfajiri mama zetu wanavaa masweta na kulalamika. Hiyo baridi wanayoilalamikia ni ya nyuzi 15 hivi. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana mara nyingi unavuka nyuzi 30, na lami yenyewe ina joto kali kuliko hewa. Mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye barafu unakuwa kama ubani uliotafunwa. Kashata zinayumba gari linapokata kona, zinalala dereva anapokanyaga breki, na zinalika upesi.

Uingereza, ambako sheria haiwalazimishi, madereva hubishana kila mwaka kama inafaa kutumia pesa kununua tairi za baridi kwa ajili ya wiki chache za ubaridi. Ubishi wao una maana, kwa sababu kweli kuna asubuhi ambapo barabara yao imeganda. Sisi asubuhi hiyo hatuna, wala hatujawahi kubishana. Tairi zimetujia tu, nyingine zikiwa miguuni mwa magari yaliyotumika, nyingine zikiwa mtumba wa dukani, na tukazipokea kwa kuangalia unene.

Unene huo nao una siri yake. Tairi ya theluji ya Kijapani ina alama mbili za kuisha. Moja ni ile ya kawaida ya tairi zote, kashata zikibaki milimita 1.6. Nyingine iko juu zaidi: kashata zikilika nusu, alama hiyo inafikiwa na tairi haihesabiki tena kuwa ya theluji. Mwenye nayo anaivua. Kwa macho ya Mtanzania, tairi iliyobakiza nusu ya kashata ndefu namna ile ni mali. Kumbe tunagombania nusu ambayo mwenyewe aliambiwa asiiamini hata kwenye kazi iliyotengenezewa.

Oktoba nilikuwa nyumbani kwa ajili ya utafiti. Saa saba mchana tunatoka mjini, mimi kiti cha mbele, nyuma wamebanana wanne na dumu la asali. Karibu na kufika Kipalapala kijana mmoja akaingia barabarani na baiskeli yenye gunia la mkaa. Mjomba hakuwa mwendo kasi. Alikanyaga breki pale pale ambapo angekanyaga siku zote, na gari halikusimama pale lilipozoea kusimama. Lilikwenda mbele kama linatafakari. Kijana alijitupa mtaroni na baiskeli yake. Alivunjika mkono wa kushoto. Mkaa ulimwagika barabarani, na mama mmoja wa kiti cha nyuma alishuka akaanza kuukusanya, kipande kimoja kimoja, huku analia.

Tulilaumu breki. Mjomba akabadilisha pedi zote, na pesa ya pedi ikatoka kwenye pesa ambayo angempelekea yule kijana kwa matibabu. Fundi, ambaye shule aliiachia kidato cha pili, aliikagua ile pedi ya zamani akaiona bado nzima. Akachuchumaa kwenye tairi, akaiminya kwa kidole gumba. "Mzee, nani kakufungia tairi za barafu?" Mjomba hakunitazama. Fundi akanionyesha tarakimu nne ubavuni, 4112: wiki ya 41 ya mwaka 2012. Tairi ilikuwa na miaka kumi na moja.

Najua majibu, nimeyasikia yote tangu siku hiyo. La kwanza ni la masika: tope letu linateleza kama theluji, kwa hiyo tairi ya theluji itatusaidia. Hili linavutia kwa sababu lina harufu ya akili. Lakini theluji hushikana na theluji. Ile inayojaa kwenye mifereji ya tairi hung'ang'ania ile iliyo chini, na ndiyo maana mifereji ikajengwa ya kuishikilia. Tope haliwi hivyo. Udongo mweusi wa mbugani ukiingia kwenye ile michanjo haitoki, na baada ya mita ishirini una gurudumu la udongo linaloteleza juu ya udongo. Tairi ya tope ina kashata zilizoachana, ili iteme. Na kwenye lami iliyolowa, nayo ndiyo barabara anayopita mjomba siku nyingi, ulaini ule ule unakuongezea umbali wa kusimama.

Jibu la pili ni kwamba afadhali hiyo kuliko kipara. Hapa nakubali, kwa shingo upande. Ukiwa na kipara na mvua inanyesha, chochote chenye mifereji kitakusaidia kutoa maji. Ila dukani siku ile sikuwa nachagua kati ya theluji na kipara. Zilikuwepo tairi za kawaida za mtumba, zenye kashata fupi kidogo, bei ile ile. Niliziruka.

La tatu ni pesa, na hili wanaolitoa wana haki ya kulitoa. Mpya zingekuwa 120,000 kila moja, yaani 480,000 kwa nne. Mtu anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni hana 480,000. Lakini tupige hesabu hadi mwisho. Zile za theluji zilikaa miezi saba, na za mbele zikawa zimekwisha kabisa: zaidi ya 31,000 kwa mwezi. Mpya za kawaida, kwa maneno ya mjomba mwenyewe, zilikuwa zikimfikisha miaka miwili: 20,000 kwa mwezi. Na hapo sijaweka pedi, wala mkono wa mtoto wa watu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa njia hii walikuwa wanajua. Kwihara, alikokaa Stanley mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, si mbali na kwetu. Kabla ya kuondoka pwani, kichwa kilimuuma kwa ajili ya ushanga. Unyamwezi walipokea mwekundu, wa samesame, na kukataa mingine. Mweusi ulikuwa fedha Ugogo, lakini ukiupitisha Ugogo unakuwa mzigo wa bure begani mwa mpagazi. Hakuna aliyeuliza kama ushanga ni mnene au unang'aa, wala kama umetoka nchi gani. Waliuliza unakwenda wapi nao. Babu zetu wapagazi wangenicheka kuliko ulivyonicheka wewe, maana wao walipanga hata safari kwa majira: kushuka pwani kiangazi, kurudi kabla ya kilimo.

Wewe unayesoma hii huenda una mjomba wako mahali fulani, na mwezi huu umepata kitu kidogo. Kabla hujatuma tairi nyumbani, piga magoti usome ubavu. Ukiona mlima na chembe ya theluji, rudisha. Ukiona tarakimu nne za mwisho zinakupeleka miaka kumi nyuma, rudisha. Muuzaji atakuona mshamba. Mimi alinionaga wa mjini.

Mjomba sasa ana tairi za kawaida. Mbili ni mpya, mbili za mtumba, na deni lake tunalilipa wote wawili. Zile za mbele tumezikata, ni vyungu vya maua vya shangazi. Za nyuma bado ziko ukutani kwa jikoni, na ndizo tunazogombana juu yake. Jumamosi alikuja mtu kutoka Sikonge, ameambiwa kuna tairi. Akaziinamia, akapitisha kidole kwenye mifereji, akasema atatoa 40,000 kwa zote mbili. Mjomba akanigeukia. "Mama, 40,000 ni pesa. Yule kijana tunadaiwa bado." Nikamwambia yule bwana ni za theluji. Akaniuliza theluji ndiyo nini, mbona kashata bado zipo.