HATUKUONA SI SAWA NA HAKUNA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya dawa za kulevya, usafi wa mazingira na umuhimu wa kutia bidii masomoni. Hayo yote ni mema. Leo mimi naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana: saratani ya mifereji ya nyongo, na jinsi inavyotafutwa maabarani kwa kuchunguza seli. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kunung'unika, "Ala! Hii si ni Bayolojia?" Wacha haraka, ndugu yangu. Kawia ufike. Nitakuonyesha kwamba jambo hili ni la Kiswahili hasa.

Maoni yangu ni haya. Jibu la maabara linalosema "hatukuona seli za saratani" si sawa na jibu linalosema "huna saratani." Tena, mgonjwa ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa. Asipoelezwa, kipimo kilichokusudiwa kumwamsha huenda kikamlaza usingizi.

Tuanze na nyongo yenyewe. Yeyote aliyewahi kupasua kuku anakijua kile kifuko cha kijani. Ukikitoboa kwa bahati mbaya, nyama yote inakuwa chungu, ndiyo maana mambo yakiharibika tunasema yametumbukia nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini, hukaa katika kifuko chake, kisha hupita katika mifereji myembamba hadi utumboni ili kusaidia kusaga mafuta. Mifereji hiyo ikizibwa, nyongo hukosa njia ikarudi katika damu. Hapo ndipo macho hugeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, na ngozi ikawasha usiku kucha.

Wengi wetu tukiona macho ya manjano tunasema mtu "ana manjano," basi, kama kwamba tumeshajua ugonjwa. La hasha! Manjano ni dalili tu, na dalili ya mvua ni mawingu. Hata ile homa ya manjano inayoenezwa na mbu ni ugonjwa mmoja tu kati ya mengi yanayoweza kuleta rangi hiyo. Inaweza kuletwa na malaria kali, na virusi vya ini, na vijiwe vilivyokwama mferejini, na uvimbe wa kongosho, au na saratani ya mfereji wenyewe. Ati mtu amerogwa, hayo ni maneno ya kibarazani. Hayajapimwa.

Saratani hii si ya kawaida katika nchi nyingi. Mahali inapojulikana zaidi duniani ni kaskazini mashariki mwa Thailand, pande za Khon Kaen. Huko watu wengi hupenda samaki wabichi wa mtoni, na ndani ya samaki hao hukaa mnyoo mdogo bapa ambaye akiliwa huenda kuishi katika mifereji ya nyongo kwa miaka mingi. Mnyoo huyo huikwaruza na kuikera mifereji hadi seli zake zinaharibika. Mwaka wa 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtia katika orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Makao yake ni kusini mashariki mwa Asia, kwa hivyo samaki wetu wa ziwani waliokaangwa vizuri wasisingiziwe. Kwingineko ugonjwa huu huandamana na vijiwe ndani ya mifereji, uvimbe wa muda mrefu wa mifereji, au virusi vya ini vya aina ya B na C. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa.

Sasa saratani iliyojificha katika mfereji mwembamba, chini ya ini, itajulikanaje? Picha zinaweza kuonyesha kwamba mfereji umebanwa, lakini haziwezi daima kusema umebanwa na nini. Kovu pia hubana. Kwa hivyo daktari humpitishia mgonjwa mpira mrefu wenye kamera mdomoni, ukashuka tumboni hadi pale mfereji unapofungukia utumboni. Kupitia mpira huo huingiza kibrashi kidogo sana, akasugua sehemu iliyobanwa. Seli zilizong'ang'ania brashi hupakwa kwenye slaidi, zikatiwa rangi, zikapelekwa kwa mtaalamu wa hadubini.

Mtaalamu huyo hatafuti mdudu. Anatazama nyuso za seli, kama mwalimu wa zamu anavyotazama mstarini asubuhi akajua nani si wa shule hii. Seli nzuri za mfereji hupangika kwa adabu, viini vyake vikiwa na ukubwa ulio sawa. Seli za saratani huwa na viini vikubwa, vyeusi, vya maumbo ya ovyo ovyo, tena hupandana. Kazi hii ya kusoma seli zilizobanduka ilipata nguvu kwa juhudi za daktari Mgiriki, George Papanicolaou, aliyefanya kazi New York. Mwaka wa 1943 yeye na mwenzake Herbert Traut walichapisha kitabu juu ya kutambua saratani ya kizazi kwa njia hiyo. Kipimo cha mlango wa kizazi ambacho mama zetu huhimizwa kwenda kufanyiwa kina jina lake hadi leo.

Hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri. Seli za mlango wa kizazi ni rahisi kuzifikia. Za mfereji wa nyongo si mchezo! Saratani hii mara nyingi hujijengea ukuta mgumu kama kovu, na seli zake zikafichwa humo ndani. Brashi hupita juu juu ikarudi na seli chache, au na zile nzuri peke yake. Tena, mfereji uliokuwa na uvimbe au uliotiwa kibomba huwa na seli zilizokasirika, zinazofanana na za saratani ilhali si za saratani. Mtaalamu mwaminifu hawezi kuhukumu hivi hivi.

Tafiti nyingi zilipowekwa pamoja, ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 100 wenye saratani hii, brashi huwatambua takriban 45 tu. Ikisema "ipo," karibu kila mara ni kweli ipo. Lakini ikisema "hatukuona," zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa wanaweza kuwa wamo katika kundi hilo la kuambiwa hivyo. Fikiria mlinzi wa lango ambaye akimshika mtu, huyo ni mwizi kweli, lakini wezi 55 kati ya 100 wanampita. Je, mlinzi huyo akikwambia hakuona mwizi, utalala mlango wazi?

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu yalitupata nyumbani. Baba yangu mkubwa alikuwa fundi wa baiskeli sokoni. Macho yake yalipogeuka manjano, alitibiwa malaria na taifodi katika kliniki moja kwa muda wa miezi miwili. Hatimaye alifika hospitali kubwa, akatiwa kibomba cha kupitishia nyongo, na brashi ikachukuliwa. Jibu lilipokuja lilisema hazikuonekana seli za saratani. Manjano yalikuwa yamepungua kwa sababu ya kile kibomba. Jamaa walifurahi, mbuzi akachinjwa, na kila aliyetaja kurudi hospitalini aliulizwa, "Kwani mnatafuta nini? Si mmeambiwa hakuna?"

Karatasi ya majibu ilikuwa na mstari mmoja mwishoni, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Ulisema kwamba seli zilizopatikana zilikuwa chache na kwamba kipimo kirudiwe ikiwa shaka ya daktari bado ipo. Maabara ilikuwa imesema kweli tupu. Lakini mama mkubwa hasomi Kiingereza, na baba mkubwa aliishia darasa la saba. Mstari ule ulikaa ndani ya bahasha, juu ya kabati, kwa miezi minne. Manjano yaliporudi, kipimo cha pili kikaonyesha saratani, nayo ilikuwa imeshapanda kwenye ini. Madaktari walisema upasuaji hauwezekani tena. Tulimzika mwaka wa 2023.

Siwezi kuapa kwamba angepona kama kipimo kingerudiwa mapema. Saratani hii ni kali, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Ninachojua ni kwamba tumaini kubwa la kupona ni kuikata ingali ndogo, na miezi minne si kitu cha kutupa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wataalamu nao hawakulala. Daktari anaweza kuongeza kibanio cha kung'oa kipande cha nyama, na brashi na kibanio vikitumiwa pamoja wanaotambuliwa hufika karibu 60 kati ya 100. Kuna pia kipimo kiitwacho kwa kifupi FISH, wala hakina uhusiano wowote na samaki wa Thailand! Katika somo la mgawanyiko wa seli tulisoma kwamba seli ya mwanadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Kipimo hiki hutia vidoa vinavyong'aa kwenye sehemu fulani za kromosomu. Seli nzuri huonyesha vidoa viwili kwa kila sehemu, moja ya baba na moja ya mama. Ikionyesha vitatu, vinne au zaidi katika sehemu kadhaa, basi hesabu imeharibika, na mara nyingi hiyo ni alama ya saratani. Mwaka wa 2020, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha njia ya kusoma jeni zilizoharibika katika brashi hizo hizo, na waliotambuliwa wakaongezeka tena. Hata hivyo, hakuna kipimo hata kimoja kinachowanasa wote.

Basi, tufanye nini? Pendekezo langu kwa hospitali ni dogo, wala halihitaji mashine. Kila jibu la kipimo cha seli liambatane na sentensi tatu za Kiswahili: tumeona nini, kipimo hiki kinaweza kukosa nini, na mgonjwa arudi lini. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Je, urasmi huo ni wa mashindano ya mashairi na hotuba za sikukuu tu?

Wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Nawaomba wasome tena nilivyoandika. Seli, kiini, brashi, slaidi, hadubini, mfereji, kromosomu: kuna neno lililowashinda? Wengine watasema mgonjwa akielezwa shaka atakufa kwa hofu. Nami nauliza, hofu ya kurudi hospitalini na furaha ya uongo, ipi inaua haraka? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wapo watakaosema kipimo ni ghali, watu huuza ng'ombe ili kukilipia. Ni kweli kabisa, nami sipuuzi. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe wake anastahili kuelezwa alichonunua.

Kwenu wanafunzi wenzangu, nina maombi mawili. La kwanza, sisi wa shule za kutwa tunarudi nyumbani kila jioni. Pengine wewe ndiwe msomaji wa barua zote za ukoo. Ikija karatasi ya hospitali, isome hadi mstari wa mwisho, nao wazee waende wakaulize: seli zilikuwa za kutosha? Kuna kipimo kingine? Turudi lini? Kuuliza si ujinga. Wala usijifanye daktari. Kazi yako ni kuhakikisha swali limefika kwa daktari.

La pili ni kwa Chama chetu. Kila mwaka tunashindana kwa mafumbo na vitendawili, na ni vizuri. Mwaka ujao tukae na walimu wa Bayolojia, tutunge kijitabu cha kurasa chache cha maneno ya maabara kwa Kiswahili rahisi, tukipeleke zahanati iliyo jirani na shule. Na walimu wetu wapendwa, kwa heshima kubwa, ile hadubini iliyofungiwa kabatini itolewe mara nyingi zaidi, si wakati wa mtihani pekee. Nchi yetu inahitaji wasomaji wa slaidi wengi kuliko ilio nao, na huenda mmoja wao ameketi dawati la nyuma akichora gari pembeni mwa daftari.

Kalamu yangu inaniambia nafasi imekwisha. Nawaachia neno moja la kukumbuka: mtu akikwambia "hatukuona," mshukuru, kisha umuulize alitazama wapi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu