Ruzuku ya mbolea na fedha za TASAF zifanye kazi pamoja

Ruzuku ya mbolea na fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania (TASAF) huelezwa kama mambo mawili tofauti, wakati kwa kaya masikini hayatengani. Tangu msimu wa 2022/23 serikali inabeba sehemu ya bei ya mbolea, lakini mkulima lazima ajisajili, kisha atoe fedha taslimu kulipia sehemu iliyobaki. Mjane mwenye ekari moja atazitoa wapi mwezi Novemba, ghala likiwa tupu? Hapo ruzuku inamfaa zaidi aliyekuwa na uwezo tangu mwanzo.

Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF tayari unamfahamu mjane huyo kwa jina na kijiji chake. Fedha zikimfikia kabla ya mvua za kwanza, atanunua mbegu na mbolea. Zikichelewa, zitaishia kwenye unga. Ajira za muda za mpango huo nazo zichimbe malambo na makingamaji wakati wa kiangazi. Tusiwaite watu kwenye mradi wakati wa palizi.

Na soko la mazao ya kaya hizo je? Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shuleni zinunue mazao ya wakulima wa familia. Nasi tunao watoto wa kulisha na wakulima wa kuwalisha. Halmashauri zianze na mahindi na maharage ya vijiji vyao.