Unamjua Yasuke, lakini Mwariama je?

Najua unamjua Yasuke. Umemtazama Netflix, pengine hata umemcheza kwenye gemu ya Assassin's Creed Shadows. Ni yule Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 na wamishonari, kisha akawa askari wa Oda Nobunaga. Bwana wake alipokufa 1582, Yasuke hakuhepa. Alikimbilia kwa mwanawe Nobunaga, akapigana hadi akasalimisha upanga.

Ni stori kali, sibishi. Lakini wewe uliyelelewa Makutano pale Meru, au Dallas kule Embu, hebu niambie: Musa Mwariama ni nani?

Mwariama alikuwa kamanda wa Mau Mau kutoka Meru. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Wengi walidhani vita vimekwisha. Mwariama akabaki msituni miaka mingine, bila kukamatwa, hadi alipojitokeza Desemba 1963, Kenya ikipata Uhuru. Kiongozi wako ananyongwa, nawe unaendelea kulala kwenye baridi kwa sababu uliapa. Huo uaminifu una tofauti gani na wa samurai?

Na si yeye pekee. Embu ilikuwa na Jenerali Kubu Kubu. Meru ilikuwa na Baimungi, aliyetoka msituni baada ya Uhuru, akaona ardhi waliyoipigania haiji, akarudi. Mwaka 1965 aliuawa na vikosi vya serikali, safari hii ya Kenya huru.

Utaniambia hayo ni ya kale, hayanunui unga. Sawa. Lakini kilichomrudisha Baimungi msituni ni ardhi, na ardhi ndiyo inayogombanisha baba yako na ndugu zake kila Desemba mkienda ushago. Ukielewa yake, utaelewa ya kwenu.

Simlaumu mtu kwa kupenda Yasuke. Wajapani waliandika habari zake, ndiyo maana tunazo baada ya miaka 400. Zetu nyingi bado zimo vichwani mwa wazee, na wazee wanatuacha.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujawasha gemu, mpigie shosho au guka simu. Muulize alikuwa wapi wakati wa Hali ya Hatari. Washa rekoda, kisha unyamaze, usikize.