Vali mpya ya moyo, na safari ya kurudi Miasenyi

Juzi nilishuka kituo cha reli cha Miasenyi kumjulia hali mzee wetu mmoja. Amerudi kutoka India, alikowekewa vali mpya ya moyo bila kupasuliwa kifua. Majirani walimiminika kwa dua na alhamdulillah. Nami nilishukuru, lakini nilijiuliza: mapigo yake sasa yanaangaliwa na nani?

Matibabu haya, TAVI, yalifanywa mara ya kwanza kwa binadamu na Profesa Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Daktari hupitisha mrija kwenye mshipa, aghalabu wa pajani, hadi moyoni. Vali mpya hutanuliwa ndani ya ile kuukuu iliyokakamaa. Kwa mzee asiyeweza kuhimili upasuaji mkubwa, ni rehema.

Ila pana jambo. Karibu kabisa na vali hiyo hupita njia ya umeme unaoamrisha moyo kupiga. Vali mpya ikiibana, amri haifiki, mapigo huwa ya polepole mno na mtu huweza kuzimia. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huishia kuwekewa betri ya moyo. Wengi hugundulika wangali wodini. Wachache hupatwa siku kadhaa baadaye, wakiwa wamesharudi kwao.

Na kwao ni hapa, kando ya barabara kuu, kati ya Mariakani na Voi. Hospitali ya rufaa iko Voi, na akihitaji bingwa wa moyo, safari ni ya Mombasa au Nairobi.

Sisi Wapwani ni hodari wa kuchanga. Tunachangia vali na tiketi ya ndege, kisha tunavunja kamati. Rai yangu ni kwamba mchango usiishie uwanja wa ndege. Mgonjwa asiharakishwe kurudi kabla madaktari hawajaridhika na mapigo yake. Aje na nakala za kipimo cha umeme wa moyo, cha kabla na cha baada. Akipata kizunguzungu au akizimia, tusiseme ni uchovu wa safari wala jini; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Serikali ya kaunti nayo ina deni. Kipimo hicho hakiumizi na huchukua dakika chache. Kinahitaji mashine, mtu aliyefunzwa kukisoma, na gari la wagonjwa lenye mafuta.

Kabla ya kuaga, nilimwomba mwanawe aandike namba ya gari hilo ukutani. Akaniuliza, "Ni ipi, ami?" Sikuwa nayo.