Pistole ya bei kali: itatulinda, ao sisi ndio tutailinda?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na kila fasi ambako usiku umekuwa mrefu,

Kuna mazungumuzo tunayasikia kwenye parking za wamotari, kwenye meza za kuchaji simu na mpaka kwenye viwanja vya chuo. Kijana akishaibiwa mara ya pili, ao dada yake akishanyanganywa simu na kupigwa, anasema: «Afazali nami nikuwe na yangu.» Anamaanisha pistole. Tena haiko pistole yoyote. Wanataja Glock, SIG Sauer, Beretta, sawa vile wanataja aina za simu.

Hatutamujibu huyo kijana kwa mahubiri. Woga wake uko na sababu. Mwisho wa Januari 2025, wakati Goma ilianguka mikononi mwa M23, silaha na sare za jeshi zilibaki barabarani, wafungwa wa gereza la Munzenze wakatoroka, na tangu pale kila mutu anajua kwamba bunduki ziko ndani ya makartiye. Basi tuipime hii hoja yake kwa haki, faida na hasara, bila makelele.

Tuanze na faida, juu ziko. Glock 17 ilibuniwa na Gaston Glock, mutu wa Austria, na jeshi la inchi yake likaichukua mwaka 1982. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, sehemu ya juu ni ya chuma. Bila masasi inapita kidogo gramu 600, na magazini yake, kile kisanduku kinachoingia ndani ya mushikio, inabeba masasi 17 ya milimita 9. SIG Sauer P226 ni nzito zaidi, inakaribia kilo moja, inabeba 15. Ilitengenezwa kwa ajili ya shindano la jeshi la Marekani. Mwaka 1985 Beretta ya Italia ikaishinda kwa bei. Wabeljiji nao, waliotutawala, walitoa GP ya FN Herstal mwaka 1935, ya masasi 13.

Pistole hizi zinaitwa za bei kali juu ya mambo matatu. Zikitunzwa na kupewa masasi mazuri, hazikwami ovyo. Zinadumu, na vyuma vya kubadilisha vinapatikana kule zinakouzwa. Na zinapiga pale mukono umeelekeza. Ni za nusu-otomatiki: kila ukivuta kidole, risasi moja inatoka, chuma ya juu inarudi nyuma, ganda linaruka inje, risasi ingine inaingia yenyewe. Njo maana ni za haraka. Na njo maana kosa nalo linakuwa la haraka.

Sasa hasara. Glock haina kifungo cha inje cha kuifunga. Vizuizi vyake vitatu vinaachia wakati kidole kinavuta kifyatulio. Kwa askari aliyefundishwa miezi, mwenye ala ngumu kiunoni, hiyo ni faida. Kwa kijana anayeitia ndani ya jinzi pamoja na funguo za motari, kitu chochote kinachosukuma kifyatulio ni sawa na kidole. Bei nayo haifuti hatari. Mwaka 2017, SIG Sauer iliomba wateja warudishe P320 ili irekebishwe, kwa sababu ikianguka kwa pembe fulani iliweza kujifyatua. Mwaka ule ule jeshi la Marekani lilikuwa limechagua pistole ya aina hiyo. Kama kiwanda kikubwa vile kinarudisha bidhaa yake, fundi gani wa kwetu atarekebisha ile yako iliyouzwa kichochoroni?

Na jambo hili kila mutu alijue, hata asiyetaka silaha: ukitoa magazini, risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. Watu wanauana kwa mchezo wakisema «haina kitu».

Hesabu ya tatu ni ya shabaha. Shirika la utafiti la RAND lilichunguza polisi wa New York na kutoa ripoti mwaka 2008. Wale ni watu wenye pistole nzuri, mazoezi na mshahara. Lakini wakati adui naye alikuwa anapiga, kati ya masasi 100 waliyopiga, karibu 18 tu ndiyo yalimupata. Mukono unatetemeka, macho yanaona giza, moyo unapiga mbio. Zile zingine 82 zinaenda fasi fulani. Wewe unaishi Birere, ao Majengo, ao Kadutu. Ukuta wako ni mbao. Nyuma ya mbao kuna kitanda cha jirani, na juu ya kitanda kuna watoto wake watatu. Risasi ya milimita 9 haisimamishwi na ubao.

Tena unapigana na nani? Mwizi wa usiku kwetu mara nyingi haji na pistole. Anakuja na AK, na haji peke yake. Risasi ya AK inatoka na nguvu karibu mara nne ya ile ya milimita 9, magazini yake ya kawaida ina masasi 30. Pistole ni kitu cha mita chache; AK inaua kwa mamia ya mita. Yeye amekaa tayari, wewe umetoka usingizini. Leo anataka simu na pesa. Akijua ndani ya avenyu watu wako na pistole, hatauliza tena simu. Atapiga kwanza, halafu ataingia. Kijana mumoja akinunua, jirani atanunua, na mwisho tutakuwa na avenyu nzima yenye silaha na bila usingizi.

Kuna wanaosema: «Mimi nitaiweka nyumbani tu.» Mwaka 1993, watafiti wa Marekani walitoa kwenye jarida la tiba la New England utafiti walioufanya katika sehemu tatu za inchi yao. Waliona kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari karibu mara 2,7 ya mutu kuuliwa ndani mwake, na wengi waliuliwa na mutu wa familia ao mutu wanayejuana. Hatuhitaji kusafiri mpaka Marekani kuelewa. Nyumba zetu ni chumba kimoja ao viwili. Unaificha wapi? Chini ya godoro, mtoto anaiona. Juu ya dari, mdogo wako mwenye hasira anajua. Kuna siku za ulevi, siku za ugomvi wa shamba, siku za huzuni ambazo kijana hataki tena kuishi. Siku kama hizo zinapita kama hakuna silaha karibu. Silaha ikiwa karibu, dakika moja inatosha.

Halafu kuna bei yenyewe. Kwenye duka la Marekani, Glock 17 ni karibu dola 600, na SIG P226 inapita 1 000. Kwa mutu wa kwetu hiyo ni mali ya nyumba. Kitu cha bei hivi, katika kartiye ambamo watu wanaibia sufuria, kinaita wezi. Wewe uliyenunua pistole ili ulinde nyumba, utaanza kulinda pistole: hutasafiri, hutalala, hutamwamini rafiki uliyemuonyesha.

Na sheria? Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 haikubali raia awe na silaha ya moto bila kibali. Inchi za Afrika ya Kati zilikubaliana Kinshasa, tarehe 30 Aprili 2010, juu ya mkataba wa silaha ndogo ulioanza kutumika mwaka 2017: silaha zitiwe alama, na zile za raia zichungwe. Pistole ya bei kali iko na namba. Ile ya kichochoroni, hujui ilitoka kwenye kiuno cha askari gani aliyekufa, wala ilishamuua nani. Siku watakukamata nayo, historia yake yote inakuwa yako. Na sisi vijana tunaotembea mikono mitupu kwenye maandamano tunajua vizuri: wanaotupiga wanatafuta tu kisingizio. Silaha moja ndani ya mufuko wa kijana mumoja inatosha kuwafanya wote waitwe wanamgambo.

Lakini tusidanganyane. Anayesema «ita polisi» anamuchekesha huyu kijana. Simu inalia, hakuna anayejibu; ao wanafika asubuhi kuuliza pesa ya mafuta. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mutu asinunue, halafu tunyamaze.

Maoni yetu ni haya. Pistole iko na fasi yake, na fasi hiyo ni kiuno cha polisi aliyefundishwa, anayelipwa, na mwenye kujibu mbele ya tribinali. Tunasema hata zaidi: polisi wa muji angepaswa kuwa na pistole kuliko kutembea sokoni na AK ya vita kati ya mama wanaouza fungu la mboga. Pistole inapiga mbali kidogo, inabaki ndani ya ala, na mwenye nayo analazimika kufikiri kabla ya kuitoa. Zile faida tulizotaja juu, zote zinahitaji mafunzo, fundi, ghala lenye kufuli na kitabu cha namba. Bila hivyo, zinabaki hasara tupu, hata kama chuma imetoka Austria.

Kwa wale wanaoshika miji yetu, kila mumoja pale alipo, tunadai:

1. Silaha zinazozunguka zikusanywe, zihesabiwe mbele ya wananchi na ziharibiwe hadharani. Silaha iliyokusanywa na kurudishwa kwa mlango wa nyuma ni biashara.

2. Kila silaha ya polisi na ya askari iandikwe namba yake na jina la mwenye kuibeba. Ikitumika kuiba, tujue ilitoka wapi.

3. Taa kwenye avenyu na doria inayofika. Mwizi anapenda giza.

Na kwetu sisi wenyewe, wandugu: tusinunue, tusifiche, tusijipige picha na silaha ili tuonekane wakubwa. Ukikuta silaha ao bomu lililoachwa, usiliguse, waondoe watoto, waite watu wakubwa wa kartiye. Turudishe filimbi na sufuria: mumoja akisikia wezi, apige akiwa ndani, wa pili aitikie, na wa tatu, mpaka avenyu nzima iamke. Mutu asitoke peke yake kukutana na AK, juu filimbi haizuii risasi. Kazi yake ni kumuonyesha mwizi kwamba nyumba 50 zimeamka na zinajua yuko wapi. Tupeane namba za simu, tuandike saa na fasi ya kila wizi, na orodha hiyo tuipeleke kwa shefu wa avenyu kila juma, mpaka achoke kutuona.

Ni kazi ndefu, na haitamutuliza kijana aliyeibiwa jana usiku. Tunamuambia tu: pesa ile unayokusanya, weka mlango wa chuma, nunua taa ya jua, lipa ada ya mdogo wako. Na kesho saa kumi na mbili jioni, njoo kwenye mkutano wa avenyu. Tutakuwa pale.