Uzito wa Mbao Si Uimara wa Mlango

Katika miji ya Afrika Mashariki, hasa ya pwani, imeota mizizi imani kwamba mlango bora wa kabati la ukutani, yaani kabati linaloundwa humo humo chumbani na kushikizwa moja kwa moja kwenye ukuta, ni ule wa mbao ngumu tupu, na kwamba kadiri mlango unavyokuwa mzito ndivyo utakavyodumu. Kwa imani hiyo mwenye nyumba huugonga ubao kwa kifundo cha kidole, husikiliza mlio wake, hutaja mninga, mkongo au mvule kama atajaye ukoo wa mchumba, kisha hulipa bei ya juu akidhani amenunua uimara. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake haiishii mfukoni, kwa kuwa huwapa mafundi wazembe mahali pa kujificha: jina la mti likishatajwa, hakuna tena anayeuliza mlango wenyewe umeundwaje.

Kosa la kwanza ni kuuchukulia ubao kama jiwe. Ubao, hata uliokaushwa vizuri, hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa tena, na kwa hiyo hutanuka na kusinyaa maisha yake yote, ingawa si kwa kiasi kimoja kila upande. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi za mti, badiliko ni dogo mno, takriban asilimia 0.1 tu tangu mti ukiwa mbichi hadi ukauke. Kwa upana, yaani kukatiza nyuzi hizo, badiliko ni kubwa mara nyingi zaidi, na ndiyo maana mlango uliounganishwa kwa mbao pana zilizogandishwa ubavu kwa ubavu hubana wakati wa masika na kuacha mwanya wakati wa kiangazi. Kabati la ukutani huzidisha tabu hiyo, kwani uso wa ndani wa mlango hutazama hewa iliyotuama, pengine jirani na ukuta wa bafu, ilhali uso wa nje hupigwa na feni au kiyoyozi. Juu ya hayo, fundi hupaka vanishi mikono mitatu upande wa nje na kuuacha upande wa ndani mkavu kwa hoja kwamba hauonekani, na hivyo uso mmoja huzibwa na mwingine huachwa ukinywa unyevu upendavyo. Miezi michache baadaye mlango hujikunja, ncha yake ya juu husimama mbali na fremu, na lawama hutupiwa mti ambao haukukosa lolote.

Maseremala wa zamani walilijua jambo hili, na jibu lao lilikuwa mlango wa fremu na paneli: fremu ya mbao nyembamba huubeba mlango, na katikati yake huwekwa paneli inayokaa ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye fremu bila kutiwa gundi, ili ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa pasipo kuisukuma fremu. Fundi anayeigandisha paneli hiyo pande zote nne huwa ameiga sura ya kazi na kuacha maana yake, na malipo yake ni ufa unaopasua paneli katikati.

Kosa la pili ni kupima uimara kwa mizani. Wanaoudharau ubao wa MDF, ambao hutengenezwa kwa nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa pamoja na gundi, huuita maboksi na kuusifu mninga kwa uzito. Kumbe mita moja ya ujazo ya MDF huwa na kilo 700 hadi 800, na ya mninga mkavu huwa karibu kilo 640. Basi kama uzito ndio uimara, hao hao wangelazimika kuanza kuusifu MDF. Ukweli ni kwamba uzito ni mzigo, na mzigo huo hubebwa na bawaba. Mlango wa mninga wenye urefu wa mita 2.1, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2.5 hukaribia kilo 20, na upana wake ukiongezwa mara mbili, uzito huongezeka mara mbili na umbali wa uzito huo kutoka kwenye bawaba huongezeka mara mbili pia, hata nguvu inayoivuta bawaba ya juu ikawa mara nne. Kwa bawaba za kisasa za kujificha, zile zenye kikombe cha milimita 35 kinachozamishwa ndani ya ubao, mwongozo wa kawaida hutaka bawaba tano kwa mlango wa kimo hicho wenye kilo 20. Mafundi wengi hufunga tatu, na kazi ikaishia hapo.

Watetezi wa imani hii wana ushahidi wanaoupenda, nao ni milango ya nakshi ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo ni mizito na ingali imesimama. Ushahidi huo ukichunguzwa huwageukia. Milango hiyo ina mbawa mbili, kwa hiyo kila ubawa ni mwembamba, na haikuning'inizwa kwa skurubu, bali huzunguka juu ya vigingi vilivyoingizwa katika matundu ya kizingiti cha chini na cha juu, hata uzito ukashuka kizingitini badala ya kuvuta ukuta. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wanaoitazama milango hiyo na kuusifu mti pekee wamemsahau aliyeunda. Vivyo hivyo makabati ya mababu hutajwa kwa sababu yamebaki, ilhali yale yaliyopinda na kuvunjika yaliishia jikoni kama kuni na hayana wa kuyatolea ushahidi.

Haya yote hayaufanyi MDF kuwa mfalme, kwa sababu ukingo wake hupasuka skurubu ikiingizwa ovyo, na maji yakiufikia huvimba na haurudi. Plaiwudi nzuri, ambayo tabaka zake hupishana nyuzi ili kila tabaka lizuie mwendo wa jirani yake, hutulia zaidi kwa mlango mrefu ulio bapa. Na mninga, ambao kiini chake hustahimili mchwa na husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, hustahili heshima yake pale unapofanywa fremu na paneli. Kila kimoja kina mahali pake, na hakuna kinachookoa uundaji mbovu.

Anayeagiza kabati, basi, aache kuugonga ubao na amwulize fundi mambo manne: mbao zimekaushwa kwa muda gani, nyuso zote mbili na kingo zote zitapakwa nini, kila mlango una upana gani, na utabebwa na bawaba ngapi. Fundi asiyeweza kujibu hayo hafai kupewa kazi, hata akija na mvule begani.